Mtaalamu wa Transista na Maradhi ya Kibri

Wazee wanaoikumbuka miaka ya 1950 watakueleza kuwa redio ya siku zile ilikuwa kama kabati. Ilikaa pahala pamoja sebuleni kwa mwenye uwezo, ikataka umeme wa waya au betri nzito, na ukishaifungua ilibidi ungoje mpaka taa zake za ndani zipate moto ndipo sauti itoke. Majirani wasiokuwa nayo walikuja barazani kusikiliza. Haukupita muda mrefu ikaja redio nyingine, ndogo, ya kuchukulika mkononi, iendayo kwa betri za tochi. Mkulima akaitundika mtini huku analima, mvuvi akaichukua chomboni, na mchungaji akaenda nayo malishoni. Watu wengi waliiita kwa jina la kile kijidude kilichokuwa ndani yake: transista.

Kijidude hicho ndicho kilichoigeuza dunia. Ndicho kilichomo katika kompyuta, katika vyombo vya hospitali, na katika simu ya mkononi, ambamo leo zimo transista mabilioni, ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Kiongozi wa kundi la wataalamu walioivumbua alikuwa Mmarekani, jina lake William Shockley. Bwana huyu alipewa na dunia kila heshima ambayo mtaalamu wa fizikia aweza kuitamani. Lakini alipokufa mwaka 1989 marafiki zake walikuwa wachache wa kuhesabika, na jina lake lilikuwa likitajwa pamoja na fedheha. Imekuwaje? Kisa chake chafaa kusimuliwa tangu mwanzo, kwa sababu kinatuhusu sisi Waafrika kwa namna mbili: tulifaidika na kazi yake, na tulitukanwa na ulimi wake.

MALEZI NA MASOMO

Shockley alizaliwa mjini London tarehe 13 Februari, 1910. Wazazi wake walikuwa Wamarekani. Baba alikuwa mhandisi wa migodi, na mama naye alikuwa mjuzi wa kupima ardhi ya migodi, kazi ambayo wanawake wa zama zile hawakuizoea. Akiwa angali mdogo walirudi kwao, wakakaa Palo Alto katika jimbo la California.

Liko jambo moja la utotoni mwake ambalo namwomba msomaji aliweke akilini mpaka mwisho wa makala hii. Katika miaka ya 1920 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, Lewis Terman, alikuwa akitafuta watoto wenye akili nyingi kuliko wenzao, ili awafuate maisha yao yote aone watafika wapi. Aliwachagua kwa mtihani wa maswali, mtihani uliodaiwa kuwa unapima akili kama mizani inavyopima sukari. Kijana Shockley alifanyiwa mtihani huo, na alama zake hazikufikia kiwango. Akaachwa. Vile vile aliachwa mtoto mwingine wa California, Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa kwa mamia, hakutoka hata mmoja aliyeipata.

Shockley alisoma California mpaka akapata shahada ya kwanza mwaka 1932, kisha akaenda Massachusetts na huko akapata udaktari mwaka 1936. Mwaka huo huo aliajiriwa na Maabara ya Bell, maabara kubwa ya kampuni ya simu ya Marekani.

SHIDA YA MAKAMPUNI YA SIMU

Simu za wakati ule zilikuwa na shida kubwa mbili. Ya kwanza, sauti inayokwenda mbali kwa waya hufifia njiani, hivyo ni lazima ikuzwe kila baada ya masafa fulani. Chombo cha kuikuzia kilikuwa ni taa ya kioo iliyotolewa hewa ndani, yaani valvu. Valvu ilikula umeme mwingi, ikatoa joto, na mwishowe ikaungua kama globu iunguavyo. Ya pili, kuunganisha simu moja na nyingine kulifanywa kwa swichi za chuma zenye kufunga na kufunguka, nazo zilikwenda polepole na kuchakaa. Mkubwa mmoja wa maabara, Mervin Kelly, alimweleza Shockley kuwa iko siku swichi hizo zitabidi ziondolewe, kazi yao ifanywe na umeme mtupu. Maneno hayo yalimkaa kijana yule moyoni.

Vita Kuu ya Pili ikaingia kati. Shockley akaenda kuisaidia serikali yake kwa hesabu za kuwinda nyambizi za adui na kwa kuwafunza marubani kutumia rada, na mwaka 1946 alitunukiwa nishani kwa kazi hiyo. Vita vilipokwisha, mwaka 1945, Kelly aliunda kundi jipya la uchunguzi wa vitu vigumu, yaani kuchungua jinsi umeme unavyokwenda ndani ya vitu visivyo maji wala hewa. Kundi hilo lilipewa viongozi wawili: Shockley, na mwanakemia Stanley Morgan.

Hapo inafaa tueleze jambo kwa ufupi. Shaba hupitisha umeme kwa wepesi, kioo huuzuia. Kati ya viwili hivyo viko vitu vya namna ya tatu, kama germaniamu na silikoni, ambavyo vikiwa safi hupitisha kidogo sana, lakini vikitiwa chembe chache za kitu kingine tabia yao hubadilika. Chembe za namna moja huongeza elektroni zenye kutembea; chembe za namna nyingine huacha mapengo, nayo mapengo hayo huhama kama kwamba ni umeme wa aina ya pili. Mwenye kuweza kuyatawala hayo aweza kuutumia mkondo mdogo wa umeme kuamrisha mkondo mkubwa, kama vile mkono wa mtoto unavyoweza kulifunga bomba lenye kutoa maji kwa nguvu.

VIJANA WAWILI NA KIPANDE CHA DHAHABU

Katika kundi lile walikuwamo John Bardeen na Walter Brattain. Bardeen alikuwa mtu wa hesabu na fikira, mpole, mwenye maneno machache. Brattain alikuwa fundi wa majaribio, mikono yake ilikuwa ni elimu tosha, na alikuwa katika maabara ile tangu mwaka 1929. Shockley alikuwa ameshatoa fikira yake ya jinsi ya kutengeneza kikuza sauti kwa silikoni, lakini kila lilipojaribiwa jambo lile halikutokea. Bardeen ndiye aliyegundua sababu mwaka 1946: juu ya uso wa kitu kile elektroni hunaswa, zikawa kama pazia linalozuia amri isifike ndani.

Wawili hao waliendelea na kazi, Bardeen akifikiri na Brattain akijaribu, na mkubwa wao akiwaacha peke yao kwa sehemu kubwa, kwani alikuwa na shughuli nyingine. Tarehe 16 Desemba, 1947, Brattain alichukua kipande cha plastiki chenye pembe tatu, akakizungushia utepe wa dhahabu, akaukata utepe kwa wembe penye ncha, ukabakia mwanya mwembamba mno. Kisha akaibana ncha ile kwa springi juu ya kipande cha germaniamu. Umeme mdogo ulioingia upande mmoja ulitoka umekuzwa upande wa pili. Tarehe 23 mwezi huo wakubwa wa maabara waliitwa, wakasikia kwa masikio yao sauti ya mtu ikikuzwa bila ya valvu. Transista ilikuwa imezaliwa, ingawa jina hilo lilipatikana baadaye, nalo alilibuni mwenzao John Pierce.

Msomaji atadhani kuwa kiongozi wa kundi alilala na furaha siku hiyo. Mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba furaha yake ilichanganyika na uchungu, kwa kuwa yeye hakuwa miongoni mwa wavumbuzi. Na hapa ndipo pa kutazama, ndugu yangu, maana moyo wa mwanaadamu hupimwa zaidi kwenye mafanikio ya mwenzake kuliko kwenye shida zake mwenyewe.

Shockley alitaka haki ya uvumbuzi iandikwe kwa jina lake, kwa hoja kwamba chanzo ni fikira yake. Wanasheria wa kampuni walipochunguza waliona kuwa fikira iliyofanana na ile ilikwisha kuandikishwa miaka mingi nyuma na mtu mwingine, Julius Lilienfeld. Kwa hiyo wakaandikisha kazi ya Bardeen na Brattain kwa majina ya wawili hao tu.

WIVU ULIOZAA MATUNDA

Tumseme kwa haki. Uchungu ule haukumfanya Shockley alale. Alijifungia na kalamu na karatasi, na katika majuma machache, kufikia mwishoni mwa Januari 1948, alikuwa amebuni transista ya namna nyingine iliyo bora kuliko ya kwanza. Hii haikuhitaji ncha za dhahabu kugusa juu ya uso. Ilikuwa ni tabaka tatu zilizoshikana, kama mkate uliopakwa siagi katikati, ile ya kati ikiwa nyembamba sana, na amri ikipitia humo humo ndani. Ilikuwa imara, na ingeweza kutengenezwa kwa wingi viwandani. Morgan Sparks na Gordon Teal waliitengeneza kwa mikono yao mwaka 1950, na mwaka 1951 ikatangazwa. Mwaka 1950 Shockley alitoa pia kitabu juu ya elimu hiyo, ambacho kilisomwa na wahandisi wa kizazi kizima.

Hayo ni makubwa, na hakuna mwenye haki atakayeyakana. Lakini jinsi yalivyotendwa kulikuwa na doa. Shockley aliificha fikira yake mpya kwa wenzake wale wawili, watu wa kundi lake mwenyewe, mpaka alipolazimika kuitoa. Halafu akapanga kazi za maabara kwa namna ambayo iliwaweka kando. Mwaka 1948 zilipopigwa picha za kuutangaza uvumbuzi, aliyeketi mbele ya meza ya kazi, ameshika chombo, alikuwa Shockley; Bardeen na Brattain wamesimama nyuma yake. Meza ile ilikuwa ya Brattain. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima, na Brattain aliichukia mpaka mwisho wa umri wake.

Matokeo yake yalikuwa nini? Brattain alikataa kufanya kazi chini yake, akahamishiwa kundi jingine. Bardeen aliondoka kabisa mwaka 1951, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Illinois. Mkubwa wa kazi alibaki na jina, watu wakamtoka.

Mwaka 1956 wote watatu waliitwa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel. Kwa mtu mwingine hapo ingekuwa pahala pa kushukuru na kusuluhisha.

WANANE WALIOONDOKA

Wakati huo Shockley alikwisha kuiacha Maabara ya Bell. Aliona wenye madaraka ndani yake wanamcheleweshea cheo, na alitaka utajiri wake mwenyewe. Tajiri mmoja wa vyombo vya kisayansi, Arnold Beckman, alimpa mtaji, na mwaka 1956 akafungua maabara yake Mountain View, karibu na Palo Alto alikokuwa akikaa mama yake. Nia yake ilikuwa njema: kutengeneza transista za silikoni, kitu kistahimilicho joto kuliko germaniamu. Bonde lile lililokuwa la mashamba ya matunda leo laitwa Bonde la Silikoni, na aliyeipeleka silikoni huko ndiye yeye.

Alikuwa na jicho la ajabu la kuwatambua vijana hodari. Aliwakusanya kutoka kila upande, miongoni mwao Robert Noyce, Gordon Moore, Jean Hoerni na Jay Last. Kuwachagua alijua, kukaa nao hakujua. Kwanza aliwafanyisha mitihani ya akili na tabia kabla ya kuwapa kazi. Alikuwa akiwasahihisha mbele za watu, na vijana wakileta matokeo huyapeleka kwa rafiki zake wa Maabara ya Bell kuuliza kama ni kweli. Siku moja mfanyakazi alijichoma kidole mlangoni. Shockley alishuku kuwa ni hujuma iliyotegwa, akataka wafanyakazi wapimwe kwa mashine ya kukamatia waongo. Mmoja wao alipokichukua kile kitu na kukitia chini ya darubini, aliona ni pini ya kubandikia karatasi iliyokatika kichwa!

Juu ya hayo aliiacha njia ya transista za silikoni, ambayo vijana waliiona kuwa ndiyo yenye manufaa, akashikilia chombo chake kingine cha tabaka nne, kigumu mno kutengenezwa sawasawa. Vijana wakamwendea Beckman kwa adabu, wakamwomba bwana huyo apewe kazi nyingine asiwe msimamizi wao. Beckman alisita, mwishowe akamuunga mkono Shockley. Mwezi Septemba 1957 wataalamu wanane waliondoka kwa siku moja. Waliokuwa upande wa Shockley waliwaita wasaliti wanane.

Wanane hao, kwa msaada wa mwenye mali Sherman Fairchild, walianzisha kampuni yao umbali mdogo tu kutoka pale. Mwaka 1959 Hoerni alibuni njia ya kutengeneza transista bapa chini ya ngozi ya kinga, na mwaka huo huo Noyce akabuni jinsi ya kuunganisha transista nyingi juu ya kijipande kimoja cha silikoni, jambo ambalo Jack Kilby wa Texas alilitangulia kwa njia yake mwaka 1958. Mwaka 1968 Noyce na Moore walianzisha kampuni ya Intel. Mali yote hiyo, na elimu yote hiyo, ilikuwa chini ya paa la Shockley mwaka 1957. Yeye maabara yake haikupata faida hata kidogo. Iliuzwa mwaka 1960, ikauzwa tena, mwisho ikafungwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwenye kuvikata vidole vyake kwa mkono wake hana wa kumlaumu.

ULIMI JUU YA WATU WEUSI

Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Stanford kilimpa uprofesa. Angeweza kumaliza umri wake akifundisha fizikia kwa heshima. Badala yake, tangu miaka ya katikati ya 1960, alianza kuhutubia juu ya jambo asilosomea: urithi wa akili. Akasema kuwa Wamarekani weusi kwa maumbile yao wana akili pungufu kuliko weupe, kwamba wenye akili ndogo wanazaa mno, na kwamba taifa litaharibika. Alifika hata kupendekeza watu wapewe fedha ili wakubali kukatwa kizazi, dola 1,000 kwa kila alama iliyo chini ya 100 katika mtihani wa akili. Mizani yake ilikuwa ni mtihani wa namna ile ile uliomwacha yeye nje alipokuwa mtoto!

Wataalamu wa elimu ya urithi walimweleza kosa lake, nalo si gumu kufahamika. Chukua mahindi ya mbegu moja, ugawe mafungu mawili. Fungu moja lipande kwenye udongo wa rutuba na maji, jingine kwenye changarawe. Ndani ya kila shamba mche mmoja utaupita mwingine kwa sababu ya mbegu yake. Lakini tofauti baina ya shamba na shamba inatokana na udongo. Mtu mweusi wa Marekani alitolewa utumwani, akanyimwa shule, akanyimwa kura, akanyimwa nyumba mahali pema. Kisha mtu anakuja na karatasi ya maswali akidai kuwa kasoro imo katika damu. Akademia ya Sayansi ya Marekani ilikataa mara kwa mara maombi yake ya kutaka uchunguzi wa namna hiyo ugharimiwe.

Na linalostaajabisha zaidi ni kuwa hoja ya kumjibu ilikuwa nyumbani kwake. Tangu mwaka 1942 alikuwako katika Maabara ile ile ya Bell mtaalamu mweusi wa kemia, Walter Lincoln Hawkins. Huyu pamoja na wenzake alibuni plastiki ya kufunikia nyaya za simu isiyopasuka kwa jua na mvua, ikachukua mahali pa risasi iliyokuwa nzito na ya gharama. Mwaka 1962 mtaalamu mwingine mweusi wa maabara hiyo, James West, akishirikiana na Mjerumani Gerhard Sessler, alibuni namna ya maikrofoni ndogo na rahisi ambayo ilikuja kuenea katika simu na vinasa sauti ulimwenguni kote. Sauti ya Shockley mwenyewe ilisafiri kwa simu juu ya nyaya zilizohifadhiwa kwa akili ya mtu mweusi. Lakini kibri ni pazia. Mtu hukipita kitu kila siku asikione.

Tukumbuke na yetu. Mwaka 1973, wakati bwana huyo akizunguka na hotuba zake, Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili, wengi wao wakulima wa vijijini, walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio juu ya malaria, kuhara na maji machafu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Redio zile zilikuwa za transista. Watu aliowahesabu kuwa hawafundishiki walifundishika kwa chombo kilichotokana na kazi yake, wakakitumia kuokoa watoto wao.

MWISHO WAKE

Mwaka 1980 gazeti moja la Atlanta lilimfananisha na Wanazi. Shockley alishitaki, akadai fidia ya zaidi ya dola milioni moja. Kesi ilisikilizwa mwaka 1984. Baraza la wazee wa mahakama lilikubali kuwa amekashifiwa, likampa fidia ya dola moja. Msomaji aifikirie hukumu hiyo: walisema kisheria una haki, ila jina lako halikuwa na thamani iliyobaki ya kulipwa. Mwaka 1982 alitaka kugombea useneti wa California kwa hoja zake zile zile. Hata chama chake hakikumteua.

Alikufa tarehe 12 Agosti, 1989, kwa saratani ya tezi la kiume. Mkewe wa pili, Emily, alikuwa naye mpaka mwisho. Watoto wake wa ndoa ya kwanza, kwa ilivyoelezwa, walipata habari ya kifo cha baba yao magazetini.

Sasa mtazame Bardeen, yule mpole aliyeketishwa kando. Huko Illinois aliishughulikia fumbo ya vitu vinavyopitisha umeme bila kipingamizi chochote vikiwa katika baridi kali, fumbo ambayo wataalamu walishindana nayo kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1957 aliifumbua pamoja na vijana wawili, Leon Cooper na John Robert Schrieffer, huyu wa pili akiwa bado mwanafunzi wake. Majina ya wote watatu yaliandikwa pamoja, na mwaka 1972 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja. Hakuna mtu mwingine aliyeipata tuzo ya fizikia mara mbili. Mwanafunzi wake mwingine, Nick Holonyak, mtoto wa mchimba migodi mhamiaji, alitengeneza mwaka 1962 kijitaa chekundu cha elektroniki, ndugu wa vijitaa tuvionavyo leo katika kila chombo. Bardeen alikufa mwaka 1991, na wanafunzi wake walimlilia kama mzazi.

MAZINGATIO

Ndugu msomaji, wanaume wawili hawa walikuwa chumba kimoja, wakisoma elimu moja, na kwa ukali wa akili watu wengi walimtanguliza Shockley. Tofauti yao ilikuwa katika jambo moja: Bardeen alipoona kijana amepata jambo, alimwona kuwa ni mwenzake, Shockley alimwona kuwa ni mwizi. Yaliyofuata yote, kuachwa na wenzake, kushindwa kwa maabara, na mwisho kuzidharau kaumu nzima za wanaadamu, yalichipuka katika shina hilo. Anayezoea kumdharau msaidizi wake ofisini hatakosa siku moja kuidharau nchi.

Maradhi haya hayana rangi wala taifa. Yuko kwetu mwalimu mkuu atiaye jina lake kwenye kazi ya mwalimu mdogo. Yuko fundi amfichaye mwanafunzi wake siri ya kazi, akaenda nayo kaburini. Yuko mkubwa wa ofisi ambaye kila wazo lisilotoka kinywani mwake ni uasi. Na wako wazazi na walimu wamwambiao mtoto wa darasa la pili kuwa hana akili kwa sababu ya karatasi moja ya mtihani, kama ile aliyoandikiwa Shockley naye akashindwa. Kila mmoja wetu ajitazame ni yupi katika hao, kabla ya kumcheka Mmarekani.

Nawe kijana unayesoma fizikia au ufundi katika shule zetu, usije ukaiacha elimu hiyo kwa kuwa mmoja wa mabwana zake alikutukana. Elimu haikuwa mali yake. Ilianza kabla yake, ikapita mikononi mwa Brattain na wembe wake, na Hawkins na plastiki yake, na West na maikrofoni yake, na inakungojea wewe. Ichukue yote. Na siku utakapofanikiwa, ukaitwa kupigwa picha, tazama nyuma yako ni nani waliosimama, uwavute mbele wakae nawe.